Bwawa la mgodi lipimwe, na kijiji kisomewe kipimo

Novemba ni mwezi ambao mkulima wa Shinyanga hutazama mawingu. Mvua za kwanza zinangojewa, plau zimetolewa ghalani, na mwenye jaruba la mpunga ameanza kuziba matuta yaliyobomolewa na ng'ombe wakati wa kiangazi. Novemba 7, 2022, hasara haikutoka mawinguni. Siku hiyo ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka upande wa mashariki, na tope likamwagika hadi kwenye makazi na mashamba ya wananchi katika vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze.

Hakuna aliyekufa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nyumba zilizingirwa na tope, na mashamba na malisho yakafunikwa wakati ule ule ambao mkulima alitakiwa kuanza kulima. Mgodi huo, ambao wakati huo ulimilikiwa kwa ubia na kampuni ya Petra Diamonds na Serikali ya Tanzania, ulisimamisha uzalishaji, ukaanza tena mwaka 2023 ukitumia bwawa jipya.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi fidia. Ni haki kabisa, kwani aliyefunikiwa shamba hawezi kuambiwa asubiri msimu mwingine akiwa na njaa. Hata hivyo, kuna swali linalotangulia fidia, na linahusu kila bwawa la mgodi kuanzia Kishapu hadi Kahama na Geita. Wataalamu wa migodi hupima mabwawa yao. Je, kipimo kinachosomwa ndani ya uzio wa mgodi kinamfikia nani nje ya uzio? Anayekaa chini ya ukuta, ambaye ndiye atakayekimbia siku ukuta ukishindwa, anajua nini kuhusu hali yake leo asubuhi?

Jibu la swali hilo linaweza kutafutwa mahali ambapo wengi hawangefikiria kutazama, nako ni kwenye milima ya volkano yenye theluji, ambako watu wamejifunza kwa misiba namna ya kuishi chini ya ziwa lililozuiwa na ukuta dhaifu.

Mwadui yenyewe si ngeni kwa habari hiyo. Mwamba wa almasi ambao Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliugundua mwaka 1940 ni mabaki ya volkano iliyolipuka zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Mdomo wake una ukubwa wa hekta 146 hivi, na ni miongoni mwa midomo mikubwa ya aina hiyo iliyowahi kuchimbwa duniani. Ndani yake wanajiolojia walikuta tabaka za mchanga na tope laini lililotuama taratibu chini ya maji. Maana yake ni kwamba baada ya moto kuzimika, juu ya Mwadui palikuwa na ziwa la kasoko, yaani ziwa linalojikusanya katika shimo la kilele cha volkano. Volkano hiyo imekufa na ziwa lake limekauka. Lakini binadamu, kwa kuchimba mwamba ule ule na kuusaga, ametengeneza ziwa jingine juu ya ardhi, na kulizungushia ukuta.

Ziwa la kasoko linalojulikana zaidi kwa somo hili liko kwenye mlima Ruapehu, New Zealand. Mlima huo una urefu wa mita 2,797, una theluji na barafu, na kileleni kuna ziwa la maji ya moto yenye tindikali, linalopashwa na mvuke unaopanda kutoka chini. Mwaka 1945 volkano ililipuka na kulimwaga ziwa. Mlipuko huo ukaacha rundo la majivu na mawe kwenye mdomo ambapo maji yalizoea kutokea. Theluji iliyeyuka mwaka baada ya mwaka, ziwa likajaa tena, safari hii likiegemea ukuta ambao hakuna fundi aliyeujenga.

Usiku wa Desemba 24, 1953, mkesha wa Krismasi, ukuta huo ulibomoka. Hapakuwa na mlipuko wala tetemeko la kuwaamsha watu. Maji yalishuka bondeni yakizoa barafu, mchanga na mawe hadi yakawa tope zito, na yakang'oa nguzo za daraja la reli mahali paitwapo Tangiwai. Dakika chache baadaye treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Wellington kwenda Auckland ilifika darajani. Watu 151 walikufa kati ya 285 waliokuwa ndani.

Mwaka 1995 na 1996 mlima ulilipuka tena, ziwa likamwagika tena, na rundo jingine la majivu lenye kimo cha mita saba hivi likabaki mdomoni. Kila mtu aliona kwamba historia ilikuwa inajirudia. Palikuwa na mabishano makali. Wapo waliotaka mfereji uchimbwe ili maji yapungue kidogo kidogo. Wengine walipinga, wakiwamo wenyeji Wamaori ambao mlima huo kwao ni mtakatifu. Mwishowe Serikali iliamua kutochimba, bali kupima na kutoa tahadhari.

Wataalamu walipanda kusoma kimo cha ziwa, joto lake na kemikali zilizomo. Ulijengwa mtambo wa tahadhari wenye vifaa vya kusikia mtikisiko wa ardhi na kifaa cha kupima kina cha maji, vikituma habari moja kwa moja kwa polisi, shirika la reli na wahusika wa barabara. Daraja la barabara liliimarishwa, na tuta la kinga likajengwa ili tope lisikengeuke kuingia mto mwingine. Machi 18, 2007 ukuta ulibomoka kama ilivyotabiriwa, na zaidi ya mita za ujazo milioni moja za maji zikashuka. Treni zilikuwa zimesimamishwa, barabara zikafungwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyekufa.

Mlima ulikuwa ule ule, na bonde lile lile. Watu 151 walikufa mwaka 1953 na mwaka 2007 hakufa hata mmoja, kwa sababu kipimo kilitoka kileleni na kumfikia mtu wa kusimamisha treni.

Inafaa mkulima ajue ni nini hasa kinachopimwa, kwa kuwa si uchawi. Kitu cha kwanza ni kimo cha maji, kwani ziwa linalopanda huelemea ukuta zaidi. La pili ni joto. Ziwa la Ruapehu kwa kawaida hupanda na kushuka kati ya nyuzi 15 na 45 hivi, na wataalamu hutazama kama limetoka nje ya mwendo wake. La tatu ni rangi na kemikali, maana maji yanayogeuka kijivu yanaonyesha kwamba kitu kinachafuka chini. La nne ni gesi na mvuke unaotoka kwenye matundu. Matundu yakipumua vizuri, nguvu inapata njia. Yakiziba huku joto likiongezeka, hapo ndipo wasiwasi huanza, kama sufuria ya maharage iliyobanwa kifuniko.

Matundu ya mvuke si habari ya ng'ambo tu. Katika kilele cha Kibo, Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, kuna kasoko iitwayo Reusch ambamo hadi leo matundu hutoa mvuke wenye harufu ya kiberiti karibu na barafu inayozidi kupungua. Kilimanjaro imelala, haijafa.

Sasa turudi kwenye bwawa la mgodi. Nalo lina dalili zake, na nyingi zinafanana na hizo. Kinapimwa kimo cha maji, na nafasi iliyobaki kati ya maji na kilele cha tuta. Mabomba membamba huzamishwa ndani ya ukuta kuonyesha maji yamepanda kiasi gani ndani ya udongo wenyewe, kwa sababu ukuta uliolowa sana hupoteza nguvu hata kama kwa nje unaonekana mkavu. Hupimwa mtambao wa nyufa na kusogea kwa ukuta. Hupimwa pia maji yanayovuja chini ya tuta, wingi wake na rangi yake.

Katika hilo la mwisho, mkulima wa Usukuma hahitaji kufundishwa na mtu. Anayechunga lambo la kunyweshea ng'ombe anajua kwamba maji safi yakichuruzika chini ya tuta ni jambo la kuangalia, lakini yakianza kutoka na tope ni jambo la kukimbilia, kwa kuwa sasa tuta linaliwa kutoka ndani. Mwenye jaruba anajua kwamba panya mmoja akitoboa tuta jioni, asubuhi maji yako shambani kwa jirani. Sayansi ya wahandisi wa mabwawa imejengwa juu ya akili hiyo hiyo, ikaongezewa vifaa na hesabu. Kwa hiyo dai kwamba vipimo vya bwawa ni vigumu mno kueleweka vijijini halina miguu.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni kazi ya wataalamu na wananchi wakipewa takwimu watazua hofu. Hoja hiyo imeshajaribiwa mahali pengine, na gharama yake inajulikana. Novemba 13, 1985 volkano ya Nevado del Ruiz nchini Colombia ililipuka na kuyeyusha sehemu ya barafu ya kilele chake. Maporomoko ya tope yaliufunika mji wa Armero saa chache baadaye, na watu wapatao 23,000 wakapoteza maisha. Ramani ya hatari ilikuwa imeshachorwa mwezi mmoja kabla, na Armero ilikuwa ndani ya eneo lililoonyeshwa. Wataalamu walijua, lakini wakazi wengi walikuwa majumbani wakilala. Hofu ya kuwatisha watu iliua zaidi kuliko ambavyo hofu yenyewe ingeweza kuua.

Karibu zaidi ni Goma, mashariki mwa Kongo, mji wa watu wanaozungumza Kiswahili. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huo. Kituo cha kuchunguza volkano kilikuwapo, na kina wataalamu wake. Lakini ufadhili uliokuwa ukikisaidia ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokelea vipimo kutoka mlimani. Mei 22, 2021 Nyiragongo ililipuka, na watu zaidi ya 30 walikufa. Hakuna anayeweza kusema kwamba malipo ya intaneti yangeizuia volkano. Lakini kifaa kinachopima bila habari zake kumfikia mtu ni sawa na mbwa anayebweka ndani ya shimo.

Kwa upande wa mabwawa ya migodi, fundisho kubwa lilitoka Brumadinho, Brazil, Januari 25, 2019. Bwawa la tope la mgodi wa chuma lilibomoka, likaua watu 270. Ving'ora vilikuwapo, lakini siku hiyo havikulia. Baada ya msiba huo, mwaka 2020 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa ya tope. Pamoja na mambo mengine, kinazitaka kampuni kutangaza hadharani hali ya mabwawa yao na kuandaa mipango ya dharura pamoja na jamii zinazoishi chini yake. Kampuni inayojinadi kwa wawekezaji wa nje kwamba inafuata kiwango hicho haiwezi kumwona mwenyekiti wa kijiji kuwa mtu wa kufichwa.

Katika ukanda wa dhahabu suala hili ni zito zaidi kuliko kwenye almasi. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu hutumia sayanidi kutenganisha dhahabu na mawe, na mabaki yake huhifadhiwa katika mabwawa ya topesumu. Sayanidi huvunjika taratibu kwa mwanga wa jua, lakini metali nzito zilizotoka ndani ya mwamba hazivunjiki. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, faini ya Sh5.6 bilioni kwa uchafuzi uliohusu bwawa lake la topesumu, kisha likauzuia kulitumia hadi marekebisho yafanyike. Hatua hiyo ilionyesha kwamba sheria ina meno. Lakini faini huja maji yakiwa yameshachafuka, na haimrudishii mfugaji ng'ombe wake.

Wala si haki kuwanyooshea kidole wakubwa peke yao. Karibu na kila mwalo wa wachimbaji wadogo kuna marundo ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na mengi yana zebaki. Marudio hayo yakipelekwa tena kwenye matangi ya sayanidi, sumu mbili hukutana mahali pamoja. Mvua ikinyesha, rundo lisilo na tuta huteremka mtaroni, mtaroni huingia mtoni, na mtoni huingia jarubani. Mwenye karasha anayelalamikia mgodi mkubwa huku vishimo vyake vya maji machafu vikiwa wazi juu ya kisima cha jirani hana tofauti na anayemlaumu.

Kinachotakiwa si kikubwa wala cha ajabu. Kwanza, kila bwawa la mgodi lenye watu chini yake liwe na ubao katika ofisi ya kijiji, wenye tarehe, kimo cha maji, nafasi iliyobaki hadi kilele cha tuta, na rangi tatu za kueleza hali ya ukuta. Kijani kiwe salama, njano tahadhari, nyekundu kuondoka. Ubao uandikwe kila wiki wakati wa kiangazi na kila siku wakati wa mvua. Kijiji kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaoruhusiwa kuingia na kuona kipimo kikisomwa.

Pili, tahadhari iwe na sauti. King'ora ni kizuri, lakini kinaweza kukosa umeme, kama ambavyo simu inaweza kukosa mtandao. Mikoa hii ndiyo iliyozaa sungusungu miaka ya 1980, na hakuna kitongoji kisichojua maana ya filimbi na yowe la usiku. Utaratibu huo uunganishwe na wa mgodi, na kila mwaka mwezi Oktoba, kabla ya mvua, watu wafanye zoezi la kuondoka wakijua njia, mahali pa kukutania na nani atamsaidia mzee na mgonjwa.

Tatu, hesabu ifanyike kabla ya hasara. Mashamba, nyumba, visima, ngitili na mifugo iliyo katika njia ya tope viorodheshwe, na maji yapimwe na maabara isiyolipwa na mgodi peke yake. Nakala ibaki kijijini. Siku ya fidia, mkulima asiye na kumbukumbu hujikuta akibishana na mthamini juu ya shamba lililokwisha kufunikwa. Mwenye duka naye aandike. Mfanyabiashara aliyekopesha mbegu, au aliyelipia choroko na mpunga ungali shambani, hupata hasara ambayo ni vigumu kuithibitisha baadaye kama hana karatasi.

Nne, Serikali isibaki kuwa mwamuzi wa baada ya mechi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na ya mazingira ya mwaka 2004 inatoa haki ya kupata taarifa. Pale ambapo Serikali yenyewe ni mbia mgodini, wajibu wake ni mara mbili, kwa kuwa inachukua gawio kwa mkono mmoja na kukagua kwa mkono mwingine. Ripoti za ukaguzi wa mabwawa zifikishwe halmashauri, na diwani azisome kwenye mkutano wa hadhara kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Itasemwa kwamba haya yana gharama. Ni kweli, ubao, rangi, filimbi na siku moja ya mazoezi vina gharama. Lakini mgodi uliosimamisha uzalishaji kwa miezi kadhaa unajua gharama nyingine, na kijiji kilichopoteza msimu kinaijua zaidi. Wananchi nao wana deni lao. Asilime mtu chini kabisa ya tuta kwa sababu pana unyevu, asing'oe bomba la kupimia akauze chuma chakavu, na asione aibu kuripoti maji yenye tope yanayotoka mahali palipokuwa pakavu jana.

Mvua hazitaacha kunyesha ili migodi ijipange, na mabwawa haya yatakuwapo hata baada ya dhahabu na almasi kwisha. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunga uzalishaji mwaka 2021. Mwenye mgodi anaweza kuondoka, lakini mwenye shamba atabaki, na ukuta utabaki juu yake. Basi yeye awe wa kwanza kusomewa kipimo chake.